Sifuri tatu

Mpwa wangu anayeishi Marekani ametuma picha ya kadi kwenye kundi la familia la WhatsApp. Kadi yenyewe ya kawaida tu, ya kukaa kwenye pochi: jina lake, herufi D, na namba ya tarakimu tano ambazo tatu za mwisho ni sifuri. Chini ameandika, "Mjomba umeionaaa?" Nikajibu kama mtu mzima anavyojibu asichokielewa: "Mashaallah, hongera sana mwanangu." Hakuridhika. Haikupita dakika, simu ikaita.

Ni leseni ya kuruka kwa parachuti. Tulikuwa tunajua kijana ana mchezo huo, ila tulijua nusunusu, na hiyo nusu tusiyoijua ndiyo iliyoleta maneno wiki nzima hapa Ngamiani, Tanga.

Nianze na namba, maana alinisomesha kwa bidii na sitaki darasa lipotee. Leseni zao ziko nne, A mpaka D, na kila moja ina idadi yake ya miruko. A inataka miruko 25, B inataka 50, C 200, na D, iliyo ya juu kabisa, 500. Juu ya hapo kuna mitihani, kuna kutua karibu na shabaha, kuna kukaa sawa hewani pamoja na mwenzako bila kumgonga. Anayetafuta A lazima aonyeshe kwamba anaweza kukunja parachuti yake kwa mikono yake. Akimaliza, mwalimu anagonga muhuri kwenye kadi, na kwa desturi yao muhuri huohuo anamgonga nao kwenye paji la uso. Picha ya siku ile tunayo. Kijana anacheka meno yote nje, wino umekaa palepale pa sijda. Mama yake aliuliza kitu kimoja tu, kama unatoka kwa sabuni.

Namba za leseni zinatolewa na chama chao, USPA, kwa mfuatano. Huchagui. Huwezi kulipia ya kupendeza kama wanavyolipia wenye magari yao hapa kwetu ili bamba lisomeke jina la mtu. Fomu yako inafika, aliyetangulia kapewa yake, wewe unapewa inayofuata, na ikishatoka kwako haitampata mwingine. D-1 ni ya Lew Sanborn, ambaye mwaka 1959 yeye na Jacques-André Istel walifungua kituo cha kuruka pale Orange, Massachusetts, cha kwanza Marekani kuufanya mchezo huu biashara ya watu wote. Wote waliofuata wako nyuma yake kwenye mstari mmoja mrefu. Mpwa wangu anasema ukikutana na mzee uwanjani mwenye D ya tarakimu tatu, unamsogezea kiti. Haijalishi siku hizi anaruka au anakuja tu kunywa kahawa na kukosoa namna vijana wanavyotua.

Sasa kwenye mstari kama huo, anayeangukia sifuri tatu anafanyiwa sherehe. Si yeye peke yake. Anayepata 777 mwishoni anapiga kelele, anayepata tarakimu zinazopanda ngazi kama 34567 anapiga kelele, na kuna wanaopata namba inayolingana na mwaka waliozaliwa wakaona ni ishara. Nilimuuliza, "Na wa 999, aliyekutangulia?" Akacheka. Anamjua, wanaruka uwanja mmoja, fomu zao zilipelekwa pamoja. Yule naye anajitapa, anasema namba yake ndiyo ya mwisho ya zama zilizopita. Wa 001 hawamjui. Mimi huyo ndiye ninayemfikiria. Mtu ameruka mara mia tano, amefaulu mitihani yote, kadi imefika nyumbani, anaitazama na kuona amepishana na sherehe kwa bahasha moja.

Nikamwambia kijana ukweli wangu: hiyo ni bahati ya foleni, si kazi yako. Kazi yako ni ile miruko. Akanijibu, "Mjomba, miruko kila mwenye D anayo. Hii ninayo mimi." Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina, ingawa bado naamini nilikuwa sahihi.

Kosa lake ni kwamba alikuwa anasema kwa sauti na mimi nilikuwa nimeweka spika.

Dada yangu, mama yake, alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele. Nikaona mkono umesimama. Akauliza polepole, "Mia tano za nini?" Kijana akanyamaza. Mimi nikanyamaza. Dada akarudia. Kumbe yeye miaka yote hii aliambiwa kwamba mwanawe "huwa anaruka mara mojamoja, likizo". Alikuwa na hesabu yake ya miruko mitatu minne, na kwa kila mmoja aliwahi kutoa sadaka. Leo anasikia leseni haitoki mpaka utimize mia tano, na leseni iko mkononi.

Ningekuwa na akili ningekata simu. Kijana naye, badala ya kuomba radhi, akaanza kumtuliza mama yake kwa namba nyingine, na hapo ndipo nilipojua kwamba huu mchezo ni ugonjwa wa kuhesabu. Akamwambia mia tano si kitu, alikuwepo mzee wa Pennsylvania, Don Kellner, sasa marehemu, aliyeruka zaidi ya mara 46,000 maishani mwake. Yupo Jay Stokes, ambaye mwaka 2006 aliruka mara 640 ndani ya saa 24, ndege inapanda na kushuka usiku kucha kama daladala ya Raskazone.

"Huyo hana mama?" Dada akauliza.

Kijana akajaribu njia ya tatu. Mwaka 2023, Marekani nzima, walikufa watu 10 katika miruko ipatayo milioni 3.65. Akamgawanyia palepale. Akaongeza kwamba kila begi lina parachuti ya akiba, na hiyo hakunji mrukaji bali fundi mwenye cheti, na sheria yao inataka ifunguliwe, ikaguliwe na kukunjwa upya kila siku 180 hata kama haikutumika. Kuna na kifaa kidogo kinachopima mwendo na urefu. Ukizimia hewani kinaifungua chenyewe. Nilidhani amefanikiwa, kwa sababu Dada alirudi kwenye mchele wake. Kisha akauliza, bila kuinua macho:

"Hao kumi, walikuwa na leseni gani?"

Swali hilo nimelitafakari kuliko yote yaliyosemwa. Mwanamke ambaye hajawahi kupanda ndege alitia kidole kwenye kidonda. Kijana, na nimpe haki yake, hakudanganya safari hii. Akasema wengi wanaokufa si wanafunzi. Wanafunzi wanaangaliwa, wanapewa parachuti kubwa zinazoshuka taratibu, wanaogopa. Wanaokufa mara nyingi ni wazoefu, na wengi wao parachuti imefunguka salama salimini, iko juu ya kichwa, haina tatizo lolote. Wanakata kona kali karibu na ardhi ili watue kwa kasi na madaha, wanakosea urefu kidogo. Akasema ndiyo maana yeye hakati kona hizo. Dada akasema, "Haya." Haya ya Dada, wanaomjua wanaielewa.

Jioni nikaenda barazani, barabara ya kumi na mbili, nikawasimulia wenzangu juu ya kahawa. Mgosi mmoja akataka kujua hiyo D inalipa shilingi ngapi kwa mwezi. Nikasema hailipi, yeye ndiye anayelipa, ndege analipia, parachuti kanunua, na akipata kitu cha kwanza anawalipia wenzake pia. Maana ndiyo desturi yao: kila jambo unalolifanya kwa mara ya kwanza, kesi ya bia juu yako. Mruko wa kwanza peke yako, kutumia parachuti ya akiba kwa mara ya kwanza (hapo na fundi aliyeikunja unampelekea chupa yake), leseni mpya, yote. Mruko wa mia wanakupiga na keki ya krimu usoni. Kijana wetu hanywi, kwa hiyo uwanja ule umezoea kwamba bia yake ni kreti ya soda na sinia la bajia, na anasema bajia huwa zinaisha kabla ya bia za wengine. Hilo baraza lililielewa vizuri kuliko leseni.

Lakini mzee mmoja pale, ambaye hasemi sana, alitikisa kichwa akasema, "Watu wa Tanga kufurahia kupewa namba!" Wakacheka wenye umri wao. Vijana hawakuelewa.

Babu yangu mzaa mama alikuja Tanga kutoka upande wa Kigoma kama manamba. Mkonge ulikuwepo hapa tangu mwaka 1893, Mjerumani Hindorf alipouleta. Miche iliyofika hai inasemwa ilikuwa 62 tu, na kutokana na hiyo yakatoka mashamba yaliyohitaji watu kuliko watu waliokuwepo. Basi wakaletwa kutoka mbali, kwa treni na kwa miguu, kila mmoja ameandikwa namba, na msimamizi hakuwa na haja ya kujua jina la baba yako. Mkononi ulikuwa na kipande chenye nafasi 30. Ukimaliza ngwe yako ya siku, mafungu yako ya majani yamehesabiwa na kukubaliwa, nafasi moja inawekwa alama. Usipomaliza, au mnyapara akiona majani mafupi, siku hiyo umefanya kazi na haipo. Mshahara ulikuja nafasi zote zikijaa, hata ikichukua mwezi na nusu.

Nilipokuwa mdogo nilimwona Babu akiwa mzee sana. Alikuwa anachanganya majina ya wajukuu, mimi aliniita kwa jina la kaka yangu mpaka alipofariki. Namba yake hakuisahau. Mtu akimtania, anaitaja, yote, bila kukwama, kwa sauti ya mtu anayeitika kwenye mstari asubuhi. Tulikuwa tunacheka. Hatukuwa tunajua tunacheka nini.

Sasa nalala nawaza daftari la mpwa wangu. Alinionyesha kwa video: kila mruko una mstari wake, tarehe, ndege, urefu wa futi 13,000 na ushei, sekunde za kushuka kabla ya kufungua, karibu dakika nzima, na mwisho sahihi ya mtu aliyeshuhudia. Mstari usio na sahihi hauhesabiwi kwenye leseni. Nilipouona nilishtuka kidogo, kwa sababu nimekiona kipande. Lakini siwezi kusema ni kitu kimoja, na wanaopenda kusema mambo yote ni yaleyale hunichosha. Kwenye daftari kalamu anaishika kijana. Anaweza kuruka leo, asiruke mwaka mzima, hakuna atakayemfuata kambini kumgongea mlango. Babu alihesabiwa ili alipwe kidogo iwezekanavyo. Huyu analipa ili ahesabiwe. Babu angekisikia hicho kisa angeomba arudiwe kusimuliwa, nina hakika, kisha angeuliza kama kijana ana akili timamu.

Na bado, bado, alivyoitaja ile D na tarakimu zake tano kwenye simu, bila kukwama, nilimsikia Babu.

Dada hakusema naye siku tatu. Siku ya nne akaleta masharti, akanipa mimi nipeleke, kwa sababu mjomba ndiye aliyeficha. (Sikuficha. Sikuuliza.) Hakumkataza kuruka, jambo lililonishangaza, alisema mtu wa umri ule akikatazwa anaanza kusema uongo, na uongo ndio uliomuudhi. Alichotaka ni hiki: kuanzia sasa kila mruko atajiwe namba yake, kabla ya kupanda ndege, na baada ya kutua. Si "nimefika salama mama". Namba. Kama chama chake kinaweza kuhesabu, na yeye anaweza.

Kijana akakubali, tena kwa furaha iliyopitiliza, maana mtu wa namna ile ukimwambia utamhesabia umempa zawadi. Kwa hiyo siku hizi Jumamosi jioni kwetu, kwao asubuhi, simu ya Dada inalia. Inakuja namba, naye anasoma dua yake. Baada ya nusu saa au zaidi namba ileile inakuja tena na alama ya vema, na Dada anajibu "Alhamdulillah" na kuendelea na mapishi. Amenunua daftari la mistari pale duka la vitabu, anaandika kwa Kiarabu na Kiswahili. Juzi alinisahihisha niliposema kijana amefikisha mia tano na themanini. Ni themanini na sita, akasema, na ya themanini na nne alishuka kwa ndege kwa sababu mawingu yaliziba, kwa hiyo ile namba aliitumia kesho yake, usichanganye.

Kijana sasa anataka ya elfu moja afike nayo likizo, arukie Diani, Kenya, ng'ambo tu ya mpaka wa Horohoro, ili mama yake aione kwa macho. Dada amesema atakwenda, ila daftari atabeba yeye, na sahihi ya mruko huo hataweka mwalimu.