Anti, Hii ni Chakula? Siku Moja Maishani Mwangu

Saa 11:30 alfajiri

Nyumba bado imelala, nami niko jikoni nakoroga kitu cha watoto kuchezea, ambacho hakuna atakayekila kwa njaa. Kikombe kimoja cha wanga wa mahindi, vikombe sita vya maji. Wanga unakorogwa kwanza kwenye maji ya baridi, maana ukiumwaga kwenye maji moto unapata madonge ambayo mwiko hauyamalizi. Natia maji ya bitiruti iliyochemshwa na kuchujwa, nabandika. Kwa dakika kadhaa haionekani kutokea kitu. Halafu ghafla mwiko unakuwa mzito na ule uji mweupe-mweupe unaanza kung'aa. Hapo nauacha utokote kidogo, kisha naumimina kwenye sinia upoe kabisa.

Kwa nini nisichanganye unga na maji ya bomba nikalala saa moja zaidi? Kwa sababu unga mbichi wa ngano, hata ukiwa mweupe kama pamba, haujapita motoni. Unaweza kubeba bakteria kama salmonela na E. koli, na kuukausha kwenye oveni nyumbani hakukupi uhakika kwamba wamekufa. Ukiuchemsha na maji mpaka uwe uji, hilo ni jambo jingine. Kwa hiyo mimi napika, na usingizi nitaufidia nikizeeka.

Saa 1:45 asubuhi

Mchana nalea watatu: wangu wa miezi 10, wa pili wa mwaka na nusu, na mkubwa wa miaka mitatu. Wakiletwa, swali langu la kwanza mlangoni huwa lile lile.

"Dada, leo nina bitiruti. Ameshawahi kula?"

"Ameshakula, hana shida nayo."

Nauliza kwa sababu mchezo si mahali pa kugundua mzio. Maziwa, mayai, ngano, karanga na ufuta haviingii kwenye beseni langu kama mtoto hajavizoea kwanza kwenye sahani. Asali haiingii kabisa, maana mtoto ambaye hajatimiza mwaka hapewi asali hata ya kulamba, kwa ajili ya botulizimu, ugonjwa hatari unaotokana na sumu ya bakteria.

Saa 3 asubuhi

Shuka kuukuu chini, watoto wamebaki na nepi na chupi, sinia katikati. Jeli ya waridi inatikisika.

Wangu hana maswali. Anazamisha ngumi yote, anaipeleka mdomoni, anatulia kama mwonja mvinyo. Katika umri wake mdomo ndio unaomjulisha vitu: ubaridi, utelezi, ladha. Kumwambia "usitie mdomoni" ni kumwambia asiione. Anapaliwa kidogo, anatoa ulimi, anakohoa kwa kelele. Namtazama tu. Kelele ni dalili njema. Ninayemwogopa ni mtoto aliyekabwa, kwa kuwa huyo anaweza asitoe hata sauti. Na sichokonoi kidole mdomoni bila kuona kitu, nisije nikakisukuma ndani.

Wa pili ameweka mikono mgongoni. Hataki. Simlazimishi, nampa kijiko, anaitoboa jeli kwa mbali kama anayepima joto la maji. Dakika kumi zinapita ndipo kidole kimoja kinagusa. Kidole kimoja tu, na kwake hiyo ni kazi kubwa. Baadaye kijiko kinaanza kwenda mdomoni, tena na tena.

Mkubwa analamba, anakunja uso.

"Anti, hii ni chakula?"

Swali lake ni zuri kuliko maelezo mengi ya watu wazima. Namjibu: "Hii ni ya kuchezea. Ukionja si neno. Chakula kiko mezani." Maana salama kuonja haimaanishi kitafunwa. Inamaanisha kwamba akimeza konzi moja, sitakimbia hospitali. Chukua ule unga wa kufinyanga unaodumu miezi: unadumu kwa sababu umejaa chumvi, na mtoto mdogo akila donge lake chumvi hiyo inaweza kumdhuru vibaya. Unga wa kufinyanga wa dukani ulioandikwa "haina sumu" nao haukuandikwa "kula". Na zile shanga za maji, vipira vidogo vya kuchezea vinavyovimba vikilowa, hizo kwangu haziingii mlangoni. Zikimezwa huendelea kuvimba tumboni na zinaweza kuziba utumbo.

Niseme na kosa langu. Zamani niliwawekea maharage mekundu makavu kwa ajili ya mlio wake mzuri kwenye bakuli. Moja likaingia puani, na haragwe likipata unyevu linavimba humo humo. Baadaye ndipo nikajua kwamba hata machache tu yakiliwa mabichi yanatapisha. Mlio sasa tunaupata kwa vijiko na sufuria.

Mchezo umechukua dakika 22. Nimehesabu.

Saa 4 asubuhi

Kusafisha kumechukua zaidi ya hizo. Jeli nakwangua naitupa kwenye takataka. Wanga kwenye bomba la sinki ni kujitafutia fundi. Sihifadhi ya kesho, imeshalambwa na vinywa vitatu. Maji ya kuoshea namwaga papo hapo, kabla hata ya kutafuta taulo, kwa kuwa mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha sentimita chache tu.

Saa 6 mchana

Kula, kulala. Na mimi nimelala.

Saa 9 alasiri

Wadogo bado wamelala. Mkubwa nimempa maji ya kabichi ya zambarau na kipande cha limau. Anakamua, zambarau inageuka waridi, anapiga ukelele. Anakamua tena. Anataka yarudi zambarau. Hayarudi, na amenikasirikia mimi.

Saa 11 jioni

Wazazi wanachukua watoto. Baba wa yule wa pili nimemwambia alivyolala na alivyokula. Kuna jambo nilitaka kuongeza, likanitoka.

Saa 2 usiku

Simu.

"Dada, samahani. Nepi ni nyekundu. Nyekundu kabisa!"

"Analia? Ana homa?"

"Anaruka kitandani."

"Kaka, ni bitiruti. Ilikuwa kwenye jeli."

Kimya. Halafu kwa mbali nikasikia mama yake anacheka mpaka anakohoa.

Nimekata simu, nimechukua karatasi na kuibandika mlangoni: LEO WAMEONJA, nikaacha nafasi ya kujaza.