Kabla hujamfungia mama kiti cha ngazini

Nilimkuta mama anapanda ngazi kwa mikono na magoti kama mtoto anayetambaa, kumuuliza eti anaokota uchafu kwenye kapeti. Uchafu gani mama, tangu kidato cha kwanza mpaka cha mwisho?

Nyumba yake ni zile za matofali za Leicester, England, zilizobanana ukuta kwa ukuta, ngazi imechomekwa katikati ya vyumba viwili, ukifungua tu mlango wa chini unakutana na kidato. Basi watoto tukachanga haraka haraka, tukamuita muuzaji wa vile viti vinavyombeba mtu kupanda ngazi kwenye reli. Jamaa kaja na futi yake, kapima, kanywa chai, katoa bei, afu akasema punguzo ni la leo tu. Kaka kalamu iko mkononi tayari. Mi nikasema ngoja kwanza.

Na afadhali, maana ngazi ya mama juu inakata kona, na reli ya kona inatengenezwa kwa vipimo vya ngazi hiyohiyo, huwezi kuihamishia kwingine, bei yake inaweza kuwa mara mbili ya reli iliyonyooka au zaidi, afu ile haki ya kughairi ndani ya siku 14 ukisaini nyumbani kwako haihusu kitu kilichotengenezwa kwa vipimo vyako. Muuzaji hilo hakuligusa kabisa.

Kuna mama mwenzake mtaa wa pili anacho, tukaenda kuomba kujaribu. Mama kakaa, kafunga mkanda, kashika kile kitufe, kiti kikaanza kupanda polepole, anatupungia mkono kama bibi harusi kwenye gari. Sote tunacheka. Katikati ya ngazi, kwaa, goti ukutani. Kwenye kile kiti unakaa ubavuubavu, mgongo upande wa reli na magoti yanatazama ukuta wa pili, sasa goti la mama la kulia halikunjiki vizuri, mguu unabaki umenyooka mbele kama mpini wa jembe. Na ngazi ya yule mama ni pana kuliko yetu! Yule jamaa alipima ngazi, mama mwenyewe hakumpima hata akiwa amekaa. Viko pia vya kusimama kwa wenye magoti magumu ila inatakiwa uwe na balansi, na mama dawa za presha zinamtia kizunguzungu, huko hata hatukufikiria.

Watu huwa wanaogopa ukuta hautabeba, kumbe reli inafungwa kwenye vidato vyenyewe. Chini ndo pa kuangalia, inatokeza mbele ya kidato cha kwanza, mlango wetu usingefungika, labda ununue reli inayojikunja, hela nyingine hiyo. Umeme usikutishe, vingi vinatembelea betri zinazojichaji, ukikatika bado unapanda na kushuka mara kadhaa.

Mwisho tukapiga simu kaunsili, yaani halmashauri ya mji, wakamleta mtaalamu wa kuangalia mtu anavyojimudu nyumbani, OT (occupational therapist) wanamuita, bure. (Huku England kuna na ruzuku kwa wenye ulemavu, mpaka pauni 30,000, wanaangalia kipato, ila usianze kazi kabla hawajakubali.) Yule dada wa OT hata futi hakutoa. Kamuuliza mama, usiku ukishikwa na haja unaenda wapi? Kimya. Choo kiko chini, nyuma ya jiko, kama nyumba nyingi za mtaa ule. Yaani saa tisa usiku mama aamke na usingizi wake, akae, afunge mkanda, ashuke taratibu, afungue mkanda, apite jikoni, afu arudie vyote kupanda. Na anaamka mara mbili! Tulikuwa tunataka kutoa maelfu ya pauni kumpeleka mbali na choo.

Kitanda tumekishusha chumba cha mbele. Ugomvi wake ulikuwa wiki nzima, kile chumba ni cha wageni, makochi yana vitambaa, ataonekanaje. Kakubali kwa masharti kwamba TV inabaki humohumo na rimoti ni yake. Kwenye njia ya choo tumefunga vyuma vya kushikia.

Muuzaji kapiga simu jana, wiki ya sita hii, punguzo la leo tu bado lipo.