Boksi la Vijiko na Aya ya Saba

Assalaam alaykum warahmatullah, ndugu zangu. Sikukusudia Ijumaa hii kuwaandikia habari za vijiko. Nilikuwa nasoma Suratul Maa'un, sura ya 107, ile tunayoikimbilia katika swala kwa kuwa ni fupi, nikafika aya ya saba nikakwama. Wayamna'uunal maa'uun. Na huzuia vyombo. Wengine wakiisikia aya hiyo huenda wakaona ndoo au shoka. Mimi naona boksi.

Lilikuwa boksi la kadibodi, ndani limetandikwa kitambaa chekundu, kila kijiko na kitanda chake. Mume wangu alilileta kutoka Mombasa mwaka 1987, mwaka wa kwanza wa ndoa yetu. Basi hadi Mokowe, mashua hadi Lamu, na pale gatini hakumwamini hamali wala punda. Alilibana kwapani mwenyewe mpaka nyumbani. Vipande 24: vijiko vikubwa sita, uma sita, visu sita, vijiko vya chai sita. "Vya kutumia kila siku hivi," akasema. Maana sisi tulikuwa tukila kwa mkono, sinia moja, watu watano au sita tumeizunguka mkekani. Tulichokuwa nacho ni upawa wa kifuu wa kupakulia mchuzi, na vijiko vitatu vya chai visivyofanana, kimoja kimepinda shingo.

Mavyaa wangu akaviangalia, akamuuliza mwanawe, "Kwani mkono wako una nini?" Kwake yeye yale yalikuwa mambo ya Kizungu. Mume wangu, ambaye darsa hazimpiti, akamsomea hadithi iliyomo katika Bukhari, ya Amr bin Umayya, kwamba alimwona Mtume (s.a.w.) akikata nyama ya bega la kondoo kwa kisu, akaitwa kwenye swala, akakiweka kisu akaenda kuswali bila kutawadha upya. Mavyaa akasikiliza mpaka mwisho. "Kisu nimekubali," akasema. "Na huo uma je?" Hakupata jibu mpaka anaingia kaburini.

Basi vya kila siku vikageuka kuwa vya wageni, na aliyevigeuza si mavyaa, ni mimi. Nilivipenda mno. Niliweka boksi kwenye kidaka cha juu ukutani, nikawa nalitoa wakija watu wa kutoka mbali, nikiviosha nahesabu, nikivirudisha nahesabu tena. Siku moja niliviosha kwa maji ya kisima, na wenyeji mnayajua maji ya visima vya mjini, ukinywa chai yake huhitaji kuambiwa kuwa bahari iko karibu. Sikuvikausha vizuri. Nilipolifungua boksi baada ya miezi, visu vilikuwa na vitone vyeusi kama vya kalamu, ukipitisha ukucha unaingia. Vijiko vilisalimika. Miaka mingi baadaye mwanangu, akichezea sumaku aliyoitoa kwenye spika mbovu, alinionyesha kuwa kisu kinanasa na kijiko hakinasi. Vijiko vilipigwa nambari 18/10 mgongoni, yaani vina kromi na nikeli. Chuma cha kisu hakitiwi nikeli, hufanywa kigumu ili kishike makali, ndiyo maana chumvi huanza na chenyewe. Mimi nilidhani nilichofungia ndicho nilichohifadhi.

Lakini hiyo ya visu ni hasara ndogo. Inayonikaa kooni ni ya jirani.

Nyumba yake na yangu zinatazamana, uchochoro wenyewe mwembamba, punda wawili wenye mizigo hawapishani. Alikuja baada ya alasiri. Binti yake alikuwa anaposwa, watu wa upande wa mume wako njiani. "Niazime vile vijiko vyako, usiku huu huu vinarudi." Nikamjibu, "Vimeazimwa." Boksi lilikuwa nyuma yangu, hatua tatu. Sijui kama aliliona. "Si neno," akasema, "tutakula kama tulivyozoea."

Usiku ule ule akanipelekea sahani ya pilau imefunikwa kwa kawa.

Pilau niliila, siwafichi. Sahani ndiyo iliyonishinda. Kwetu sahani ya mtu hairudi tupu, na kila nilichofikiria kutia nilikiona hakifai. Ilikaa jikoni kwangu siku nne ikinitazama. Mwishowe nikatia mahamri, nikamtuma mtoto wa watu aipeleke, mimi mwenyewe sikuthubutu.

Baadaye mavyaa akapatwa na maradhi, vidole vikafa ganzi. Yeye aliyeuliza mkono una nini, sasa mkono ukawa na kitu. Nikalishusha boksi, nikatoa kijiko kimoja cha chai, nikakizungushia kipande cha leso mpini uwe mnene apate kukishika. Alikunywa uji kwa kijiko hicho, kwa mkono wa kulia, kila funda na bismillahi yake, mpaka siku zake zikaisha. Siku ya msiba nyumba ilijaa watu, na kabla sijafikiria vyombo, jirani yangu alikwisha kuingia na beseni kichwani: masinia, vikombe, na vijiko vyake alivyovitia alama ya rangi nyekundu ya kucha kwenye mpini visichanganyike na vya watu. Hakuniuliza langu boksi liko wapi.

Ndipo Ramadhani moja nikamsikia mwalimu wetu katika darsa ya wanawake akiifasiri hii sura. Akasema wapo wanavyuoni walioeleza kuwa maa'un ni zaka. Kisha akataja maneno ya sahaba Ibn Mas'ud katika kitabu cha hadithi cha Abu Daud, kwamba zama za Mtume masahaba walikuwa wakihesabu maa'un kuwa ni kuazimana ndoo na chungu. Angalieni sura ilivyopangwa. Inaanza na anayekadhibisha malipo, anayemsukuma yatima, asiyehimiza kulishwa maskini. Inawataja wanaoswali huku wameghafilika na swala zao, na wanaojionyesha. Halafu, baada ya makubwa yote hayo, ndoo na chungu. Miaka yote nilikuwa naisoma nikiona ya watu wengine, maana mimi sikumsukuma yatima yeyote. Sikujua kuwa aya ya mwisho inaujua mlango wangu na ile hatua tatu.

Boksi lenyewe lilikwisha oza. Vilivyobaki viko kwenye droo ya jikoni na vinaliwa navyo kila siku: vijiko vinne, uma tatu, kisu kimoja chenye vitone, na kile cha chai cha mavyaa, leso nimeifungua lakini alama ya kufungwa bado ipo. Vingine viko nyumba za watu. Na vya watu viko kwangu, vikiwemo viwili vyenye wekundu mpinini, tangu siku ile ya msiba.

Alhamisi mjukuu wa jirani alinipigia hodi. "Nana, bibi anasema umuazime vijiko, wageni wametufikia." Nikamtolea droo nzima. Nikamwambia, hivi viwili vyekundu msivirudishe, ni vya bibi yako hivi. Akaenda, punde akarudi mbio, anahema.

"Bibi anasema vyote vitarudi huku huku. Anasema ameshachoka kuhesabu."