Upanga wa jogoo

Leo Uyole baridi inang'ata. Tumechinja jogoo, bibi akanipa kichwa nikatupe.

Nikaupasua upanga kwanza, ile nyama nyekundu ya utosini (udadisi tu).

Ndani hamna mfupa. Kuna kitu cheupe, kinateleza, kinavutika kama mlenda kwenye ncha ya kisu.

Ni kolajeni (protini ya nyuzinyuzi kama ya ngozi) iliyolowa asidi ya hayaluroniki, ambayo hushika maji mengi ajabu. Wanasayansi Meyer na Palmer waliigundua asidi hiyo 1934 kwenye jicho la ng'ombe. Baadaye ikawa inatolewa kwenye panga za majogoo kutengenezea sindano za magoti, maana hata ute wa goti unayo.

Bibi, mwenye magoti yanayolia kila akipanda kilima, akanikazia macho:

"Na ulitaka kutupa?"

Kichwa kiko jikoni. Kukila si sawa na sindano, ila mimi simbishii.

Kwenu upanga anakula nani?