Kanuni za mnunuzi na ujira wa kilo

Kiwanda cha kubangua korosho kinachotafuta soko Ulaya mara nyingi huletewa mambo mawili kwa pamoja: oda, na kanuni za maadili ambazo mnunuzi anataka zitiwe saini kabla mzigo haujaondoka. Kazi yangu ni kutunza kumbukumbu za wafanyakazi katika kiwanda kidogo hapa Mtwara, na kwa sababu hiyo kanuni hizo hunifikia mimi kwanza, mbanguaji baadaye.

Yaliyomo si mageni kwetu. Kanuni za ETI, muungano ulioanzishwa Uingereza mwaka 1998 na kukutanisha kampuni, vyama vya wafanyakazi na mashirika ya kiraia, pamoja na SA8000, kiwango cha mwaka 1997 ambacho kiwanda hukaguliwa na kupewa cheti cha kutunza haki za wafanyakazi, zimejengwa juu ya mikataba ya Shirika la Kazi Duniani: pasiwepo kazi ya kulazimishwa, mtoto asiajiriwe, wafanyakazi wawe huru kuungana, mahali pa kazi pawe salama. Kuna watu hapa mjini wanaoziita masharti ya wazungu. Ningewashauri waisome kwanza Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kwa maana mahali pengine sheria yetu ni kali zaidi: ETI inaruhusu saa 48 za kawaida kwa wiki, sheria yetu inaishia 45, ETI inapendekeza saa za ziada zilipwe asilimia 125 ya ujira wa kawaida, sheria yetu inadai mara moja na nusu. Kanuni zenyewe zinasema kwamba penye tofauti, ufuatwe utaratibu unaomlinda mfanyakazi zaidi.

Shida yetu iko kwenye kilo, kwa maana mbanguaji hulipwa kwa kilo za viini anavyotoa, si kwa saa. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayochoma ngozi na kuiacha nyeusi, na akina mama wanaobangua wamejikinga nayo kwa majivu au mafuta ya mbarika tangu zamani. Mbanguaji hukanyaga mashine kwa mguu, ganda likapasuka, kisha huchokoa kiini kwa ncha ya kisu kidogo bila kukivunja. Kiini kizima huenda katika madaraja kama W320, ambayo ni takriban viini 320 kwa ratili moja (karibu nusu kilo). Kilichovunjika huingia kwenye vipande, na vipande hulipwa kidogo. Sasa mvalishe glavu nene. Vidole havihisi kitu, kasi inapungua, viini vinavunjika, na jioni mzani unasema hivyo. Mama mmoja aliniambia, tena kwa upole, “Mwanangu, glavu zako ni nzuri, lakini zinakula kilo zangu.” Siku ya ukaguzi huzivaa, mkaguzi akishaondoka, huzitundika.

Simlaumu hata kidogo. Kanuni zimemtaka ajilinde, na malipo yanamtoza faini kwa kujilinda.

Suala la saa linafichwa na kilo hizohizo. Mkaguzi huuliza mtu amefanya kazi kwa muda gani, lakini daftari la kiwanda huandika uzito. Ukitaka kujua kama ujira wa siku unafikia kima cha chini cha kisheria, sharti uugawanye kwa saa zilizotumika, na pasipo saa hakuna cha kugawanya. Anayeumia hapo ni mgeni wa kazi, ambaye bado ana mkono mzito na hukaa muda mrefu zaidi ili afikishe kilo za wenzake.

Kwamba cheti peke yake hakilindi mtu, ilionekana Karachi, Pakistan, mwezi Septemba 2012, pale kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises kilipoungua na kuua watu zaidi ya 250, wiki chache tu baada ya kupewa cheti cha SA8000. Na sehemu kubwa ya korosho yetu hata haifiki mbele ya wakaguzi wa hapa, kwa kuwa husafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam. Mwaka 2011 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilieleza jinsi watu waliozuiliwa katika vituo vya waraibu wa dawa za kulevya huko Vietnam walivyolazimishwa kubangua korosho. Mkulima wa Tandahimba akishapeleka gunia kwenye chama cha msingi na likauzwa mnadani, hana njia ya kujua litabanguliwa na nani.

Kanuni zilizopita mezani kwangu zinaeleza wajibu wa kiwanda kwa kirefu, na zinaigusa kidogo sana bei anayolipa mnunuzi, ilhali bei hiyo ndiyo inayoamua tuweze kumlipa mbanguaji kiasi gani kwa kilo. Ningeongeza kipengele kimoja: ujira wa kilo upangwe kwa kumpima mbanguaji wa kasi ya wastani, aliyevaa glavu, ndani ya saa za kawaida za kisheria, na mnunuzi naye atie saini kwamba bei yake inaubeba ujira huo. Nimekwisha kukiandika kwenye sehemu ya maoni ya hojaji ya msimu huu.