Kupanda Monduli Juu Kutafuta Leleshwa

Hiace ya Monduli haiondoki stendi ya Kilombero, Arusha, mpaka ijae, na kujaa kwake hakuhesabiwi kwa viti. Nilibanwa dirishani, jambo lililonifaa, maana nilikuwa nimetoka Arusha kwenda kutazama vichaka. Shangazi yangu wa Ilboru anapenda lavenda. Anazinunua kwa wauza miche kwa sababu zinasifiwa kustahimili ukame, kisha masika ikija zinaoza mizizi na kufa. Lavenda asili yake ni vilima vya mawe kuzunguka Bahari ya Mediterania. Kiu inaivumilia, kulowa haivumilii, na Ilboru ni nchi ya mvua na migomba. Rafiki yangu mmoja wa Monduli alipoyasikia haya alicheka: "Kichaka cha kunukia kisichotaka maji? Mbona huku kwetu kimejaa, tunakiita leleshwa, tena hakuna anayekimwagilia."

Ukipita Kisongo unaona mambo yanavyogeuka. Pepo zenye mvua hutoka upande wa Bahari ya Hindi, zinagonga Mlima Meru na kumwaga maji yake kusini na mashariki ya mlima. Huku magharibi yanafika makombo. Migomba inakoma, mahindi yanakuwa mafupi, halafu ni migunga, ng'ombe na vumbi. Tuliacha barabara ya Makuyuni, tukakunja kulia.

Monduli mjini nilichukua bodaboda kwenda Monduli Juu, kijiji alikozikwa Edward Sokoine, waziri mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1984. Dereva alitaka kunipeleka kaburini kwanza, kama wageni wengine. Nilipomwambia nimefuata leleshwa alinitazama usoni kuhakikisha kama namtania. Kisha akasimamisha pikipiki palepale, kwenye mteremko mkavu. "Si hii hapa?"

Nilikuwa nimeshaipita mingi bila kujua. Kwa mbali leleshwa ni kijani kilichofifia, lakini upepo ukivuma majani yanageuka na mteremko mzima unakuwa mweupe. Juu jani ni la kijani kikavu. Chini limefunikwa malaika meupe, laini, yaliyosongamana kama blanketi jipya. Hapo ndipo siri ya ukame ilipo. Jani hupumua kupitia vitundu vidogo sana, na kila linapopumua linapoteza maji. Malaika hayo yanashika hewa tulivu juu ya vitundu, upepo usije ukaufyonza unyevu wote. Majani ya lavenda nayo yana rangi ya majivu kwa sababu hiyohiyo: vinyweleo vinavyopunguza ukali wa jua na upepo.

Nililifikicha jani moja. Harufu ilipanda hadi machoni, kati ya kafuri na mkaratusi. Carl Linnaeus alipoupa mmea huu jina la kisayansi mwaka 1753, Tarchonanthus camphoratus, hiyo kafuri hakuiacha nje. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba leleshwa na lavenda si ndugu. Lavenda ni ya ukoo wa mrihani na kivumbasi. Leleshwa ni ya ukoo wa alizeti. Kila mmoja ameivumbua kivyake dawa ileile ya jua kali: manyoya mwilini na mafuta makali ya kumkatisha tamaa anayetaka kuutafuna. Ingawa mbuzi wa Monduli, niliowaona kwa macho yangu, hawajapata habari hizo.

Mwenye mbuzi hao alikuwa bibi mmoja aliyekuja kuuliza tunatafuta nini porini. Dereva alimsalimia kwa Kimaasai, "Takwenya, koko." Akaitikia, "Iko." Mimi nikatoa shikamoo yangu ya mjini, naye akaipokea. Alikata tawi, akapangusa majani kwapani juu ya shuka, na kutuonyesha kwa kicheko morani wanavyojipaka wakienda kwenye ngoma. Majani hutandikwa pia kitandani, chini ya ngozi. Nikauliza kama mti wake hutumika kufukizia vibuyu vya maziwa. Akakunja uso. Kibuyu ni kazi ya oloirien, mzeituni wa porini. Leleshwa ni ya kujengea na kuni, kwa kuwa mti wake ni mgumu na wadudu hawaupendi.

Alinionyesha pia kwamba vichaka haviko sawa. Kuna dume na jike, kila mmoja kwenye shina lake, na anayezaa mbegu ni jike peke yake. Mbegu zenyewe zimevikwa pamba nyeupe inayopeperuka.

Mteremkoni kulikuwa na visiki vyeusi vingi. Leleshwa inatoa mkaa mzuri, na mkaa wa huku unajua njia ya kwenda mjini. Nilianza kusikitika, dereva akanionyesha kisiki kilichozungukwa na machipukizi yaliyonifika kiunoni. Mmea huu ukikatwa au kupita motoni huchipua tena kutoka chini. "Huyu hafi kwa panga," alisema. Bibi hakukubali. Machipukizi yanaliwa na mbuzi kabla hayajawa mti, alisema, na mchoma mkaa anarudi kwenye kisiki kilekile kabla hakijapumzika. Wakaendelea kubishana kwa Kimaasai, mimi nikiwa katikati na tawi langu mkononi, mpaka dereva akakumbuka kwamba hiace ya mwisho haimsubiri mtu.