Skrubu zilizoganda na kutu, usizilazimishe

Jamani wiki hii nimeshinda na injini ya pikipiki ya zamani, kava la klachi lina skrubu za nyota zimeliwa na kutu mpaka zimeshikana na alumini kabisa, ya kwanza nikailazimisha ikakatika kichwa, iliniuma sana. Basi nikatulia. Nikasugua kwa brashi ya waya, nikapulizia oili ya kutoa kutu jioni, asubuhi tena, siku 2 hivyo, halafu nikawa nagonga kila kichwa kwa nyundo ndogo ili oili ipenye. Zilizobaki ngumu nikapasha alumini inayozizunguka kwa mashine ya hewa moto, sio moto wa wazi maana oili inawaka, na tangi la petroli nilishalitoa mbali. Alumini inatanuka karibu mara 2 ya chuma, kwa hiyo tundu linaachia.

Kisha unakaza kidogo kwanza ndo unafungua, unaenda unarudi, ukisikia krii na vumbi la kahawia linatoka pembeni ujue imekubali. Na kama pikipiki ni ya Japani tafuta bisibisi ya JIS, yaani ya nyota iliyotengenezwa kwa viwango vya Japani, ile ya nyota ya kawaida inateleza inakula kichwa.